Kivu: Mtoto akiacha kukojoa kisha kuhara, usingoje asubuhi

Wakati kuhara, mafua na surua vinapita katika mitaa ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, wazazi wengi wanaangalia mambo mawili kwa mtoto: homa na tumbo. Homa ikishuka na tumbo likisimama, wanasema mtoto amepona. Kuna jambo la tatu ambalo ni wachache wanaolifuata, nalo ni mikojo. Virusi vinaweza kuondoka mwilini na kuacha mafigo ya mtoto yamesimama kazi. Jambo hilo halina kelele: mtoto halalamiki maumivu, anakuwa tu mlegevu, anakataa kula, uso unaanza kuvimba, na chupi inabaki kavu tangu asubuhi hadi jioni.

Kwenye karatasi za hospitali, ugonjwa huo unaandikwa kwa Kifaransa «insuffisance rénale aiguë», maana yake mafigo kushindwa kwa ghafla. Habari njema ni kwamba kwa watoto wengi mafigo yanaweza kurudilia kazi yake kabisa, kama tatizo limeonekana mapema. Habari mbaya ni kwamba huku mashariki mwa Kongo, mara nyingi mtoto anafikishwa hospitali siku ya tatu ao ya nne, kisha kupitia duka la dawa, jirani, na mganga wa kienyeji.

Kijiko kimoja kwa saa

Kila mtu anazaliwa na mafigo mawili, na katika kila figo kuna vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Damu inapita pale bila kupumzika. Karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma inaelekezwa kwa mafigo. Takataka za mwili zinatoka kupitia mikojo, chumvi na maji vinapimwa, na potasiamu ya ziada inatupwa inje. Potasiamu hiyo ikibaki ndani na kupanda sana, moyo wa mtoto unaweza kusimama.

Kwa sababu mafigo yanahitaji damu nyingi hivyo, ni ya kwanza kuumia pale damu inapopunguka ao inapokosa nguvu ya kusukumwa. Madaktari wana kipimo chepesi cha kujua: mtoto anayetoa mikojo chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa moja, na hali hiyo ikaendelea kwa muda wa saa sita na zaidi, mafigo yake yako hatarini. Kwa mtoto wa kilo kumi, hiyo ni mililita tano kwa saa, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Mama hana haja ya mashine ili aone hilo. Anahitaji kuhesabu ni mara ngapi alibadilisha kitambaa cha mtoto, ao ni mara ngapi mtoto alienda kukojoa tangu jua lipande.

Njia tatu ambazo virusi vinapitia

Njia ya kwanza, ambayo ni ya kawaida zaidi, ni kukauka kwa maji mwilini. Kirusi kinachojulikana sana hapa ni rotavirusi, ambacho kiligunduliwa mwaka wa 1973 na Ruth Bishop na wenzake kule Melbourne, Australia. Karibu kila mtoto duniani anakutana nacho kabla ya kutimiza miaka mitano. Kinaleta kutapika, homa, na kuhara maji matupu. Kirusi chenyewe kinashambulia utumbo, lakini mtoto anapoteza maji na chumvi haraka kuliko anavyokunywa. Damu inakuwa nzito na kidogo, na mafigo yanakosa damu. Kama maji yanarudishwa ndani ya masaa machache, mafigo yanaamka. Kama siku mbili zinapita, vijia vya ndani vya figo vinaanza kufa, na hapo hata maji mengi hayatoshi tena kuyaamsha mara moja.

Surua nayo inapitia njia hiyo hiyo. Watu wanaogopa vipele na macho mekundu, lakini kuhara ni moja ya matatizo yanayofuata surua mara nyingi. Inchi yetu inakumbuka vizuri: janga la surua la mwaka wa 2019 na mwanzo wa 2020 lilihesabu wagonjwa zaidi ya 300 000 wa kushukiwa na kuua watu zaidi ya 6 000, wengi wao watoto chini ya miaka mitano.

Njia ya pili ni pale kirusi kinapoangusha mwili mzima, ao kinaposhambulia figo lenyewe. Kivu ya Kaskazini na Ituri zililiona hilo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ambapo watu 3 470 waliugua na zaidi ya 2 280 walikufa. Katika jaribio la dawa lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, moja ya mambo yaliyoonyesha nani ana hatari kubwa ya kufa ilikuwa kreatinini, kipimo cha damu kinachosema mafigo yanafanya kazi namna gani. Wale waliofika kituoni wakiwa na kreatinini ya juu walikufa zaidi kuliko wengine.

Virusi vya Ukimwi, kwa upande wao, vinaumiza figo polepole. Vinaingia katika vichujio vyenyewe na kuvifanya viache protini ipite. Watoto wengine wana hatari zaidi juu ya damu waliyorithi: kuna aina mbili za jeni inayoitwa APOL1, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ambazo zinaongeza uwezekano wa ugonjwa wa figo. Utafiti uliofanywa Kinshasa kwa watoto ulionyesha kwamba wale waliorithi jeni hizo hatari kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na protini katika mikojo mara nyingi kuliko wengine, zaidi sana kama wanaishi na VVU. Dawa za ARV zinazotumiwa kila siku zinalinda mafigo pia, na hiyo ni sababu nyingine ya mtoto kutokatisha dawa.

Njia ya tatu inashangaza wazazi zaidi, sababu inaanza na mafua ya kawaida. Kwa watoto wengine, kinga ya mwili ikisha amshwa na kirusi, inavuruga kazi ya vichujio vya figo. Protini inavuja kwa wingi katika mikojo, na maji yanabaki chini ya ngozi. Asubuhi mtoto anaamka na macho yamevimba, jioni uvimbe umeshuka kwa miguu. Mikojo inatoa povu kama ya sabuni. Madaktari wanaita hali hiyo sindromu ya nefrotiki. Watoto wengi wenye ugonjwa huo wanapona kwa dawa ya prednizoloni, lakini unapenda kurudi, na mara nyingi unarudi siku chache kisha mafua mapya.

Bwaki ao figo?

Huku Kivu, mtoto aliyevimba anapewa jina haraka: bwaki. Jina hilo la utapiamlo linajulikana na kila familia ya Bukavu, Kabare na Walungu, na si bure, kwa sababu utapiamlo wenye uvimbe umeua watoto wengi katika vijiji hivyo. Lakini si kila uvimbe ni bwaki. Mtoto mwenye figo gonjwa anaweza kupelekwa kwenye kituo cha lishe, akapewa maziwa na unga kwa majuma, huku protini yote inayoingia kwa kinywa inatoka kwa mikojo.

Kuna tofauti ambazo muuguzi anaweza kuona. Bwaki kwa kawaida inaanzia kwa miguu, nywele zinabadilika rangi na kunyofoka, ngozi inabanduka, na mtoto ana huzuni na hataki kula tangu siku nyingi. Uvimbe wa figo unaanzia mara nyingi machoni, kwa mtoto ambaye juma lililopita alikuwa anacheza. Lakini macho peke yake hayatoshi. Kinachotoa jibu ni bandelete, kile kikaratasi chembamba kinachochovywa katika mikojo na kubadilika rangi kisha dakika moja hivi. Ikionyesha protini nyingi, mtoto anatakiwa kwenda kwa daktari. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote vinavyohusu mafigo, na hakihitaji umeme wala mashine. Kituo cha afya kinachokosa bandelete kinabaki kukisia.

Rangi ya mikojo nayo inasema kitu. Mikojo ya rangi ya Coca inaweza kuonyesha kwamba kuna damu kutoka kwa figo, kama inavyotokea kisha ugonjwa wa koo ao vidonda vya ngozi vinavyosababishwa na bakteria. Inaweza pia kuonyesha kwamba chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi juu ya malaria kali. Katika hali zote mbili, hakuna cha kungoja nyumbani.

Dawa inayomaliza figo

Sehemu moja ya shida haitoki kwa virusi, inatoka kwa mikono yetu. Mtoto mwenye homa na kuhara anapelekwa kwenye duka la dawa la kona, na anatoka pale na mfuko wa dawa tatu ao ine bila kupimwa uzito. Kati ya hizo, ibuprofeni inapatikana mara nyingi. Kwa mtoto anayekunywa na kukojoa vizuri, ni dawa ya kawaida ya homa. Kwa mtoto aliyekauka, inaziba ule mlango wa mwisho ambao mafigo yanautumia ili yapate damu kidogo iliyobaki. Sindano ya diklofenaki ni ya ukoo huo huo. Kwa homa ya mtoto anayehara, paracetamoli, kwa kipimo cha uzito wake, ndiyo salama zaidi kwa mafigo.

Jentamisini, sindano ambayo wauguzi wengi wanaijua, inaokoa watoto wenye maambukizi makali ya bakteria. Lakini haifanyi kitu kwa kirusi, na inaweza kuumiza figo la mtoto aliyekauka ao anayepewa siku nyingi bila kufuatwa.

Kisha kuna lavema. Familia nyingi zinaamini kwamba mtoto anayehara ana uchafu tumboni ambao unatakiwa kutolewa, na wanamwingizia maji ya majani kwa nyuma. Mtoto huyo ambaye tayari anapoteza maji anapotezeshwa mengine, na kati ya mimea inayotumiwa kuna ile yenye sumu kwa mafigo. Hakuna anayejua kipimo. Wazazi wanaofanya hivyo hawana roho mbaya. Wanafanya walichofanyiwa wao. Lakini daktari anayempokea mtoto ana haki ya kujua, na mzazi hatakiwi kuficha kwa kuogopa kugombezwa. Kusema ukweli kuhusu majani na lavema kunabadilisha matibabu.

Dawa za maji za kikohozi nazo zinaomba uangalifu. Mwaka wa 2022, kule Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa mafigo kusimama kisha kunywa dawa za maji zilizokuwa na dietileni glikoli, sumu inayotumika viwandani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo kwa inchi zote. Wengi wa watoto hao walikuwa na homa ao kikohozi cha kawaida tu, ambacho kingepita chenyewe. Mtoto mdogo mwenye mafua anahitaji kunyonya, kunywa, na kusafishwa pua. Dawa ya kikohozi isiyojulikana inatoka wapi haimwongezei kitu.

Serumu si jibu kwa kila mtoto

Mzazi wa Goma akisikia mtoto amekosa maji, anauliza mara moja: «Atatiwa serumu?» Serumu ya mshipa inaokoa mtoto aliyekauka kabisa, asiyeweza kunywa. Lakini kuna mambo mawili ya kujua.

La kwanza: kwa mtoto ambaye bado anaweza kunywa, SRO, ile chumvi ya pakiti, inafanya kazi sawa na serumu, na bila sindano. Nguvu yake ilionekana mbele ya dunia mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, wakati wa vita vya Bangladesh. Kipindupindu kilikuwa kinaua karibu asilimia 30 ya wagonjwa. Daktari Dilip Mahalanabis, serumu zilipomwishia, alianza kuwapa watu maji yenye chumvi na sukari wanywe, na vifo vikashuka chini ya asilimia ine. Miaka 23 baadaye, mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kilipiga wakimbizi wa Rwanda pembeni ya Goma, na watu wa hapa waliona kwa macho yao kinachotokea pale maji safi na SRO vinachelewa.

La pili: mtoto ambaye mafigo yake yamekwisha simama hawezi kutoa maji anayopewa. Serumu nyingi inamjaa kwenye mapafu, na anaanza kupumua kwa shida. Hata kwa watoto wengine wenye homa kali, maji mengi ya haraka yanaweza kuua. Jaribio kubwa la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3 141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, wasio na kuhara kwa nguvu, lilitoa matokeo mwaka wa 2011: waliopewa serumu nyingi kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa hivyo. Kwa hiyo muuguzi anayekataa kutia serumu, ao anayeitia polepole huku anapima mikojo, si mvivu wala hana ubaya. Anafanya hesabu.

Pale hospitali inapofikia mwisho wake

Katika vituo vingi vya afya vya vijijini, kreatinini haipimwi. Mtoto anatakiwa kupelekwa kwenye hospitali kubwa, kwa pikipiki, kwa barabara mbovu, na siku nyingine kupitia vizuizi vya wenye silaha. Kama mafigo hayaamki, jibu linalobaki ni dialize, yaani kusafisha damu pahali pa figo kwa muda, hadi lenyewe lirudie kazi. Mashine za dialize zilitengenezwa kwa watu wazima kwanza. Kuzitumia kwa mtoto wa kilo nane kunaomba vifaa vidogo na watu waliofundishwa.

Kuna njia nyingine isiyohitaji mashine: kuingiza maji maalum tumboni kwa mpira mwembamba, kuyaacha yavute takataka, na kuyatoa. Madaktari wanaiita dialize ya peritoneo, na ndiyo inayofaa zaidi kwa watoto wadogo katika inchi zenye uwezo mdogo. Tangu mwaka wa 2012, mpango wa Saving Young Lives unafundisha madaktari na wauguzi wa Afrika na Asia kuitumia. Mwaka wa 2013, chama cha kimataifa cha madaktari wa mafigo kilijiwekea lengo: ifikapo 2025, mtu asife tena kwa mafigo kusimama ghafla kwa kukosa matibabu yanayojulikana. Mwaka wa 2025 ulipofika, Kivu ilikuwa katika vita. Goma ilishikwa na M23 mwishoni mwa Januari, uwanja wa ndege ukafungwa, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Kwa familia yenye mtoto anayehitaji kupelekwa Kinshasa, njia ambayo ilikuwa ya masaa mawili kwa ndege ikakatika.

Ndiyo maana kinga ina uzito zaidi hapa kuliko pengine. Chanjo ya rotavirusi iko katika kalenda ya inchi tangu 2019. Ni matone ya kinywani, na mtoto anaianza akiwa na wiki sita, pamoja na chanjo zake zingine. Chanjo ya surua inatolewa akitimiza miezi tisa. Zote mbili ni za bure. Watoto wa familia zilizohama makazi ndio wanaozikosa zaidi, na ni wao pia wanaokunywa maji ya ziwa bila klore.

Mzazi afanye nini

Mtoto akianza kuhara ao kutapika, aendelee kunyonya na kula. Apewe SRO kisha kila choo: mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka miwili, 100 hadi 200 kwa aliyezidi hapo, kidogo kidogo kwa kijiko ao kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu endelea polepole. Soma kwenye pakiti ni kiasi gani cha maji. Pakiti ya litre moja ikiwekwa katika nusu litre, chumvi inakuwa kali na inaleta hatari nyingine. Kama SRO haipatikani, litre moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kilima, vinasaidia wakati wa kutafuta. Muuguzi ataongeza zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asitibiwe nyumbani. Maji yake yanapimwa kwa namna nyingine.

Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku, ukiona moja ya haya: hajakojoa kwa muda wa saa sita kama ni mchanga, ao saa nane kama ni mkubwa; macho yameingia ndani ao, kinyume chake, yamevimba; mikojo ni ya rangi ya Coca, ya damu, ao ina povu lisiloisha; anatapika kila kitu; amelegea hawezi kuamka vizuri; anapumua haraka; ana kifafa. Beba dawa zote alizokunywa pamoja na makaratasi yake, na useme saa ya mwisho aliyokojoa. Mahali ambapo hospitali iko mbali, anza na reko wa mtaa wako, ambaye anajua kituo gani kina dawa siku hiyo.

Na kazi haiishi siku mtoto anaporudi nyumbani. Figo lililosimama, hata kama limeamka, linabaki na kovu kwa watoto wengine, na kovu hilo linaweza kuonekana miaka mingi baadaye kama presha ya juu ao figo linalochoka. Kwa hiyo miezi mitatu kisha ugonjwa, mtoto anatakiwa kurudi ili apimwe presha, mikojo na kreatinini. Mtoto anayekunywa prednizoloni asiikatishe siku uvimbe unaposhuka. Daktari ndiye anayeipunguza hatua kwa hatua. Andika tarehe hiyo ya miezi mitatu kwenye karatasi ya chanjo ya mtoto, kabla ya kutoka hospitali.